Jinsi ya kuanzisha podikasti yako mwenyewe hapa Mombasa, kwa simu na programu huria

Naandika haya manake kila baada ya siku mbili tatu napata mtu aniuliza, mara kijana wa Kisauni, mara dada wa Bamburi, "hiyo podikasti yako wairekodia studio gani na walipa ngapi kwa mwezi", na kila nikijibu kwamba ni chumbani kwangu Majengo, na simu, na laptopu ya mtumba yenye Linux (mfumo huria wa kuendesha kompyuta), watu wadhani nawaficha. Siwafichi. Basi leo naeka yote hapa, hatua kwa hatua, chukua upendacho.

Lakini kwanza niwaambie kwa nini napiga kelele sana kuhusu programu huria, sababu si mambo ya kupenda kompyuta tu. Podikasti yangu ya kwanza nlieka yote ndani ya apu ya kampuni moja ya nje, ya bure, rahisi kabisa, warekodi humo humo, waediti humo humo, wapandisha humo humo. Vipindi 11. Siku moja nikafungua nikakuta akaunti haipo, nikaandika barua pepe, nikaandika tena, mpaka leo sijajibiwa. Kopi sikuwa nayo. Na ndani ya vile vipindi mlikuwa na bibi wa jirani yetu akisimulia harusi za Mji wa Kale za ujana wake, tangu siku ya kupeleka posa, vile bibi harusi akisingwa kwa liwa, mpaka usiku wa hina, kwa Kimvita kile cha wazee ambacho sisi tukikiongea twakichanganya. Yule bibi alifariki miezi michache baadaye. Ile sauti siipati tena, na wanawe waliniuliza.

Kwa hivyo ukisoma hii mwongozo yote ukasahau, shika mawili tu: sauti ya asili ikae kwako, na anwani ya podikasti iwe yako. Mengine yote waeza kubadilisha.

Hatua ya 1: Fahamu podikasti ni nini hasa

Podikasti si apu. Podikasti ni faili za sauti, mara nyingi MP3, zimekaa mahali kwenye intaneti, na faili moja ndogo ya maandishi iitwayo RSS, ambayo yasema kipindi cha kwanza kiko hapa, cha pili kiko pale, kimetoka siku fulani. Basi. Watu wengi huiita fidi. Apu ya msikilizaji yaenda kusoma ile fidi kila mara, ikiona kitu kipya yamletea. Huu mpango si wa kampuni yoyote, Dave Winer aliongeza kwenye RSS sehemu ya kubebea sauti Desemba 2000, neno lenyewe "podcasting" likaandikwa mara ya kwanza na Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian Februari 2004, na Apple wakaingiza podikasti ndani ya iTunes 2005. Yaani kitu kilikuwepo kabla ya wakubwa kuja.

Na faida yake waiona wakubwa wakiondoka. Google walifunga Google Podcasts 2024. Mtu aliyekuwa na fidi yake hakupoteza kipindi hata kimoja, wasikilizaji walihamia apu nyingine wakaekea anwani ile ile, mambo yakaendelea.

Sasa na huria ni nini? Huria si bure tu. Bure yaeza kuisha kesho asubuhi. Huria manake kodi ya programu, yaani yale maandishi yanayoiunda, si kodi ya kulipa, iko wazi, mtu yeyote aruhusiwa kuitizama, kuibadilisha, kuigawa, kwa leseni isiyorudishwa nyuma. Mfano mzuri ni Audacity, hii ntakayowaonyesha ya kueditia. Ilianza 1999 chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani, Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatoka 2000. Mwaka 2021 ikachukuliwa na Muse Group, na sera yao mpya kuhusu data za watumiaji ikaleta zogo kubwa. Kwa sababu kodi iko huria, kuna watu walichukua kodi ile ile wakatengeneza yao, yaitwa Tenacity. Audacity nayo ipo na bado ni huria na mimi naitumia, lakini waona tofauti, hapo mtumiaji ana pa kwenda. Mimi na zile apisodi zangu 11 sikuwa na pa kwenda.

Hatua ya 2: Chumba kabla ya maiki

Hapa ntakaa kidogo sababu ndo panapoharibika, watu wanunua maiki ya bei alafu warekodi kwenye sebule ya tailsi na madirisha ya vioo, sauti yarudi kama mko ndani ya tangi.

Sauti yataka vitu laini vya kuinyonya. Chumba cha kulala ni bora kuliko sebule. Simamisha godoro moja ukutani nyuma ya anayeongea, si nyuma yako wewe unayeuliza, nyuma yake yeye, manake maiki yake yatazama huko. Sakafuni tandika mkeka na juu yake blanketi, mkeka peke yake hautoshi. Fungua mlango wa kabati la nguo, nguo zilizoning'inia zafanya kazi nzuri sana. Mezani tandika leso mbili zilizokunjwa, kikombe kikiekwa kisigonge. Kisha piga makofi mara moja katikati ya chumba: ukisikia mlio wa kengele kengele unaofuata, bado, ongeza nguo. Ukisikia kofi tu limekufa, uko tayari.

Alafu panka. Najua. Mwezi wa pili na kaskazi lile la joto kuzima panka ni adhabu, lakini mngurumo wa panka ukiingia ndani ya sauti hautoki wote. Mimi huwasha panka dakika kumi kabla, chumba kipoe, nazima, twarekodi dakika ishirini, twapumzika twawasha tena, twanywa maji, twarudi. Wageni hawajali ukiwaambia mapema.

Na wakati. Mombasa ina saa zake. Asubuhi kunguru, na wajua kunguru wetu hawana adabu. Saa tisa unusu hivi na kuendelea alasiri, adhana, madrasa zatoka, watoto barabarani. Jioni tuktuk na bodaboda. Saa nzuri kwangu mimi ni saa nane mchana, baada ya adhuhuri, watu wamekula wamelala, mtaa wote umetulia, au usiku baada ya saa nne. Tizama nyakati za swala za siku hiyo kabla hujaalika mtu. Adhana ikianza katikati simamisha kurekodi, usiongee juu yake, ikiisha endeleeni. Si adabu tu, hata kuediti hutaeza kuitoa.

Hatua ya 3: Kurekodi kwa simu

Maiki ya bei si lazima mwanzo. Simu ya Android ya kawaida yatosha. Ingia F-Droid, hilo ni duka la apu huria, shusha Fossify Voice Recorder, haina matangazo. Kwenye setingi chagua ubora wa juu kabisa uliopo.

Eka simu modi ya ndege kabla ya kuanza, sababu simu ikiingia katikati yaeza kukata rekodi, na hata isipokata itaita. Umbali wa mdomo na simu ni shibiri moja, kidole gumba mpaka kidole kidogo, na ielekeze kando kidogo ya mdomo, si mbele moja kwa moja, ndo pumzi za "p" na "b" zisipige. Usiishike mkononi, ilaze juu ya leso.

Mkiwa wawili tumieni simu mbili, kila mtu na yake mbele yake. Hii ndo siri kubwa zaidi niliyo nayo na haina gharama. Washeni zote mbili, kisha piga kofi moja kubwa kati yenu. Lile kofi litatokea kama mkuki kwenye picha ya sauti ya kila simu, wakati wa kuediti wasogeza mkuki huu uwe juu ya ule na simu zote zaenda sawa. Kisha kaeni kimya kabisa sekunde kumi, hakuna kupumua kwa nguvu, hakuna kutikisa kiti. Ule ukimya wautaka baadaye.

Na kabla ya swali la kwanza, omba ruhusa ndani ya rekodi yenyewe: jina lako ni nani, wakubali sauti yako iekwe kwenye intaneti watu wote wasikie, kuna jambo hutaki litoke? Ajibu kwa sauti yake. Kenya tuna sheria ya kulinda data ya 2019, na sauti na jina la mtu ni data yake, lakini hata kama sheria isingekuwepo, mzee amekukaribisha kwake na kahawa tungu na kashata huwezi kumzungukia. Ukimrekodi mtu mzima umwamkie kwanza vizuri, shikamoo, ukae, uulize watu wa nyumbani, simu itoke mfukoni mwisho. Ukianza na simu ataongea kama aongea na afisa.

Hatua ya 4: Kuediti kwa Audacity

Audacity yakubali Linux, Windows na Mac. Shusha kutoka tovuti yao wenyewe, si zile tovuti nyingine zenye vitufe vikubwa vya kijani.

Ingiza faili zako mbili, linganisha ile mikuki ya kofi, kisha hifadhi mradi mara moja, itakuwa faili ya .aup3. Alafu sikiliza yote mwanzo mpaka mwisho bila kukata chochote. Ukifika mahali pabovu bonyeza Ctrl+B, andika neno moja, "kikohozi", "amerudia", endelea. Mtu akianza kukata dakika ya kwanza huishia kukata vitu vinavyoeleweka dakika ya ishirini. Ukimaliza ndo warudi kwenye zile alama, wachagua kipande kwenye sauti zote mbili pamoja, wafuta. Zote mbili pamoja, narudia, ukifuta kwenye moja peke yake kila kitu baada ya hapo chapishana, swali laja baada ya jibu.

Kwa kelele ya chumba, chagua zile sekunde kumi za ukimya, ingia "Noise Reduction", bonyeza "Get Noise Profile". Kisha chagua sauti yote ya simu hiyo, rudi pale pale, punguza kwa dB 6 mpaka 12, usizidishe. Ukizidisha mtu asikika kama aongea ndani ya mtungi. Kila simu na ukimya wake, usitumie wa simu moja kwa nyingine. Kama kuna mvumo wa chini wa jenereta ya mbali, "High-Pass Filter" kwenye Hz 80 yauondoa karibu wote na sauti ya mtu haiguswi sana.

Mwisho "Loudness Normalization", eka -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), hicho ndo kiwango Apple wanachopendekeza kwa podikasti. Ukiwa nacho msikilizaji akitoka podikasti nyingine kuja kwako hatafuti kitufe cha sauti, na aliye ndani ya matatu ataeza kusikia.

Sasa ukataji wenyewe. Toa kukohoa, toa mwanzo wa sentensi uliorudiwa mara tatu, lakini usimsafishe mtu mpaka akawa mtangazaji. Nliwahi kumrekodi mzee aliyekuwa fundi wa majahazi, karibu na bandari ya zamani, nikamuuliza chombo cha mwisho alichojenga kiko wapi. Akanyamaza. Wasikia kikombe chake kinazunguka juu ya sahani, kikizunguka, kikasimama, karibu sekunde saba, ndo akasema "hicho nlikiuza". Rafiki yangu alinambia nikate ule ukimya manake watu watadhani simu zao zimekwama. Sikukata, na ndicho kipande watu waninukulia mpaka leo. Mtu akinyamaza afikiria, acha. Akinyamaza sababu amesahau swali, kata.

Hatua ya 5: Muziki

Fupi. Usieke taarabu ya mtu ati sababu ni ya zamani, sheria ya hakimiliki ya 2001 yakuhusu, na apu kubwa zakamata. Tafuta muziki wenye leseni ya Creative Commons, yaani mwenyewe ameruhusu watu wautumie kwa masharti yake, soma kama waruhusu kubadilishwa na kama wataka jina la mtunzi litajwe, ulitaje. Au fanya kama mimi, vijana wawili wa mtaani na dumbaki na tari, sekunde 20, wakaandika kwenye karatasi kwamba wanikubalia. Sasa ni yangu na yao.

Hatua ya 6: Kutoa faili

Toa kopi mbili. Moja ya FLAC au WAV, aina za faili zisizopunguza ubora wa sauti, hii ndo mama, haiendi popote. Ya pili MP3 ya kuchapisha. Kwa mazungumzo toa mono (njia moja ya sauti badala ya mbili za stirio) ya kbps 64, nusu saa yawa kama MB 14.4. Ukitoa stirio kbps 128 nusu saa ile ile ni MB 28.8, na hakuna alichoongezewa msikilizaji ila bando lake limeenda. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya nchi yapita kwetu, lakini mamangu Likoni bado anunua bando ya siku na aihesabu. Mfikirie yeye.

Hatua ya 7: Mahali pa kueka, na fidi

Mimi naeka MP3 kwenye Internet Archive, maktaba isiyo ya faida aliyoianzisha Brewster Kahle 1996, kupandisha ni bure. Kumbuka ni hadharani, usieke kitu ambacho mwenyewe hakukubali. Ukishapandisha wapata linki ya faili yenyewe, yaanza na archive.org/download, hiyo ndo wahitaji.

Picha ya podikasti iwe mraba, kuanzia pikseli 1400 kwa 1400 mpaka 3000 kwa 3000, JPEG au PNG, nami natumia GIMP, programu huria ya picha.

Fidi naandika kwa mkono. Msiogope, ni maandishi tu. Tafuta mfano wa RSS 2.0 wa podikasti, badilisha vyako: jina, maelezo, lugha andika sw, linki ya picha, barua pepe yako. Kila kipindi kina jina, maelezo, "enclosure" yenye linki ya MP3 na ukubwa wake kwa baiti, "guid" (kitambulisho cha kipindi hicho peke yake), na tarehe. Hapa makosa yangu yote ili yasiwe yako. Tarehe lazima iwe kwa Kiingereza na mpango wake maalum, kama Fri, 06 Jun 2025 18:00:00 +0300, mimi nliandika "Ijumaa" nikashinda usiku mzima nikitafuta kwa nini kipindi hakitokei. Alama ya & ikiandikwa hivyo hivyo kwenye jina yavunja fidi yote, kipindi changu kiliitwa Mahamri & Mbaazi, andika "na". Na guid ukishaitoa usiibadilishe milele, ukiibadilisha kila msikilizaji aletewa vipindi vya zamani upya kama vipya. Ukimaliza pitisha fidi kwenye kikaguzi cha W3C, shirika la viwango vya tovuti, chakwambia mstari gani una kosa.

Faili ya fidi yaeza kukaa Codeberg Pages au GitHub Pages, huduma za kueka kurasa za tovuti, bure, lakini nunua domeni yako, yaani jina lako la tovuti, ya .co.ke au .me.ke, uielekeze huko. Hii ndo pesa pekee naomba utoe. Anwani ambayo watu wameishika iwe ya domeni yako, siku ukihama seva (kompyuta inayoeka faili zako kwenye intaneti) wabadilisha wewe nyuma, wao hawajui hata. Kama hutaki kuandika kwa mkono kuna Castopod, huria, waieka kwenye seva yako ya PHP yakuandikia fidi yenyewe. Na ukiamua kulipia kampuni, uliza swali moja kabla ya kutoa kadi: siku nikiondoka mtaielekeza fidi yangu ninakokwenda? Wakizunguka zunguka, ondoka mapema.

Hatua ya 8: Jaribu, kisha sajili

Shusha AntennaPod kwenye simu, apu ya kusikilizia podikasti, ni huria pia, ingiza anwani ya fidi yako, sikiliza kipindi chote ukiwa nje, si nyumbani. Mimi husikilizia kwenye feri ya Likoni, na iyafoni za bei rahisi. Nikipata kila neno pale juu ya injini na watu na wauza njugu, basi kiko sawa. Nisipopata narudi hatua ya nne.

Kisha sajili Podcast Index, hiyo ni orodha ya wazi iliyoanzishwa 2020, na apu nyingi za kujitegemea zaisoma. Baada yake Apple, baada yake Spotify. Wote wakuomba kitu kimoja, anwani ya fidi, na Spotify watakutumia namba ya kuthibitisha kwa ile barua pepe uliyoandika ndani. Usipandishe sauti moja moja kwenye kila apu, wape anwani tu.

Hatua ya 9: Kopi

Usiku ule ule kipindi kinapotoka, kabla sijalala, zile rekodi mbichi za simu zote mbili, mradi wa Audacity, FLAC na fidi vyaingia kwenye folda moja yenye tarehe na jina la aliyeongea. Folda yaenda diski mbili. Moja yangu, ndani ya kopo la biskuti na vile vijifuko vya kunyonya unyevu, sababu hewa yetu ya chumvi yala vyuma. Ya pili yakaa Likoni kwa mamangu, naibadilisha kila Jumapili nikienda kumuona. Na kopi ya tatu ya MP3 nampelekea aliyeongea mwenyewe, kwenye flashi, kwake.

Wale wana wa bibi nliwaendea mwaka jana nikawaambia ukweli kwamba sauti nliipoteza. Mmoja wao, dada mkubwa, akaniambia yeye azijua zile nyimbo za usiku wa hina zote, nije na simu zangu. Tumerekodi tatu, zimebaki nyingi.